Hapa, Huku na Humu: Uhakiki wa Ramani za Majibizano za Mtandaoni kwa Kurejelea Ihumwa, Dodoma

Ikisiri

Makala haya yanahakiki ramani za mtandaoni ambazo msomaji hubofya mahali, akaiuliza ramani swali, naye akajibiwa kwa maneno au kwa chati. Hoja kuu ni kwamba ramani za aina hii hujitambulisha kuwa mazungumzo, ilhali maswali yake na majibu yake hupangwa na mtengenezaji kabla msomaji hajafika. Uhakiki umejikita katika Ihumwa, kata ya Jiji la Dodoma, ambako thamani na matumizi ya ardhi yamebadilika sana tangu Serikali ihamie Dodoma. Vipengele vinne vinachambuliwa: mpaka, jina, ulizo na chati. Aidha, makala yanapendekeza kuwa ngeli ya mahali ya Kiswahili, yenye viambishi pa-, ku- na mu-, iwe msingi wa kuunda maulizo ya ramani, kwa sababu inatofautisha mambo ambayo violesura vilivyotafsiriwa huyachanganya. Mwisho, mwandishi anaihakiki ramani ya majaribio aliyoiunda mwenyewe.

1.0 Utangulizi

Ramani ya karatasi ilitazamwa. Ramani ya mtandaoni huulizwa. Badiliko hili limetokea katika kipindi kifupi. Programu ya PostGIS, inayoiwezesha hifadhidata kutunza nukta, mistari na maumbo ya ardhi na kuyafanyia maulizo, ilianza mwaka 2001. OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ilianzishwa mwaka 2004. Muundo wa GeoJSON, ambao huandika umbo la mahali pamoja na sifa zake katika faili moja, ulitolewa mwaka 2008 na kurasimishwa mwaka 2016. Mwaka 2011 zilitoka Leaflet, maktaba ya ramani iliyoandikwa na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine, na D3, maktaba ya michoro ya takwimu inayohusishwa zaidi na Mike Bostock. Kwa kuziunganisha zana hizo, mwanafunzi mwenye kompyuta moja na bando la intaneti anaweza kutengeneza ramani ambayo akibofya kata, dirisha dogo linafunguka na chati inajichora.

Utaratibu wake ni huu. Kivinjari hupakua vigae vya picha ya msingi, kwa kawaida vya pikseli 256 kwa 256. Juu ya vigae huwekwa tabaka la vipengele, kila kipengele kikiwa na umbo lake na sifa zake. Msomaji anapobofya, programu hutambua kipengele kilichoguswa, husoma sifa zake papo hapo au hupeleka ulizo kwenye seva, kisha hukabidhi matokeo kwa maktaba ya chati. Kazi yote huweza kuchukua chini ya sekunde moja. Kwa sababu ya wepesi huo msomaji hapati nafasi ya kujiuliza ni nani aliyechagua kwamba kipengele hicho kiwe na sifa hizo na si nyingine.

Ni muhimu kufafanua istilahi. Ramani hizi mara nyingi huitwa "ramani shirikishi". Neno hilo lina mgogoro, kwani hutumika pia kwa ramani zinazochorwa kwa ushiriki wa wananchi, kama zile za mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walichora mitaro, njia na majengo kwa ajili ya kukabiliana na mafuriko. Kubofya si kushiriki. Kwa hiyo, makala haya yanatumia istilahi "ramani ya majibizano". Istilahi hii imechaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa majibizano ni utanzu unaofahamika katika ushairi wa Kiswahili, na ndani yake mna kipimo ambacho uhakiki huu utakitumia.

2.0 Ihumwa kama Matini

Ihumwa ipo mashariki ya mji wa Dodoma, katika barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Ni nchi ya uwanda wa kati: mvua ya msimu mmoja kwa mwaka, kiangazi kirefu, mibuyu, makorongo yanayokuwa njia wakati wa kiangazi na mito wakati wa masika. Wenyeji wake wa asili ni Wagogo, wakulima wa uwele na mtama na wafugaji wa ng'ombe.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifikiwa mwaka 1973, na mwaka huohuo iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana zaidi kwa kifupi chake, CDA. Mpango kabambe wa kwanza wa mji mkuu ulitayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Canada mwaka 1976. Tangu awali, basi, Dodoma ni mji ulioanza kuwepo katika ramani kabla ya kuwepo ardhini. Kwa miongo minne watu waliishi, walilima na kuzika wafu wao katika maeneo ambayo katika karatasi tayari yalikuwa kitu kingine. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali itahamia Dodoma. Mwaka 2017 aliivunja CDA na majukumu yake yakahamia Manispaa. Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Na Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa. Mji huo leo hujulikana kwa jina la Mtumba, lakini katika taarifa nyingi za mwanzo uliitwa Mji wa Serikali wa Ihumwa. Mahali pamoja, majina mawili, na jirani mmoja aliyelitoa jina lake kisha likaondolewa.

Sensa zinaonesha uzito wa badiliko hilo. Mwaka 2012 iliyokuwa Manispaa ya Dodoma ilikuwa na watu 410,956. Mwaka 2022 Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 765,179. Ongezeko ni watu 354,223, sawa na takribani asilimia 86 katika miaka kumi. Katika mazingira kama haya ramani haiwi pambo la ripoti. Anayetafuta kiwanja, anayedai fidia, anayeuliza kama shamba lake limo ndani ya eneo lililopimwa au nje, wote huishia mbele ya ramani. Hapo ndipo uhakiki wa ramani unapopata uzito wake.

3.0 Misingi ya Uhakiki

Uhakiki huu unaegemea mikondo mitatu. Mkondo wa kwanza ni ule wa J. B. Harley, ambaye katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu kubomoa ramani alisisitiza kuwa ramani ni matini yenye mamlaka na ukimya wake, wala si kioo cha ardhi. Mkondo wa pili ni wa Mark Monmonier, aliyeonesha katika kitabu chake cha mwaka 1991 kwamba kila ramani haina budi kupotosha kidogo ili isomeke, na kwamba kazi ya mhakiki ni kutofautisha upotoshaji wa lazima na ule wa hiari. Mkondo wa tatu ni nadharia ya mwitiko wa msomaji, hususani wazo la Wolfgang Iser kuhusu mapengo ambayo matini humwachia msomaji ayajaze.

Hata hivyo, hoja hizi haziwezi kuhamishiwa Ihumwa bila kupimwa. Chukua mfano wa makadirio ya Mercator, ambayo ramani nyingi za mtandaoni huyatumia na ambayo hulaumiwa kwa kuikuza Greenland na kuidogosha Afrika. Lawama hiyo ni ya haki kwa ramani ya dunia. Kwa Dodoma, iliyopo takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta, upotoshaji wa eneo ukilinganishwa na ikweta ni kama asilimia 1 tu. Mhakiki wa Ihumwa anayeanza na Mercator atakuwa amelirithi swali la watu wengine. Upotoshaji unaoigusa Ihumwa umo katika mpaka, jina, ulizo na chati.

Kipimo cha nne kinatoka katika fasihi yenyewe ya Kiswahili. Katika majibizano ya washairi, kama yale yaliyochapishwa na magazeti tangu enzi za Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, kila upande una uwezo wa kubadili mada, kukataa msingi wa swali na kurudisha swali kwa aliyeuliza. Katika kitendawili hali ni tofauti: mtegaji analijua jibu kabla ya kutega, na hadhira ikishindwa hudaiwa mji. Swali la uhakiki huu linaweza kuwekwa hivi: ramani tunayoiita ya majibizano, je, ni majibizano kweli au ni kitendawili?

4.0 Uchambuzi

4.1 Mpaka

Ulizo lolote la ramani huanza na kipengele, na kipengele huanza na mpaka. Katika ramani nyingi za takwimu kipengele ni kata, kwa kuwa takwimu za sensa hutolewa kwa kata. Uchaguzi huo unaeleweka, lakini una gharama mbili.

Gharama ya kwanza ni ya wakati. Kata hugawanywa na mipaka yake hubadilishwa kati ya sensa moja na nyingine. Chati inayolinganisha kata ya mwaka 2012 na kata yenye jina hilohilo mwaka 2022 inaweza kuwa inalinganisha maeneo mawili tofauti. Kupungua kwa watu kunakooneshwa na mstari wa chati kunaweza kuwa ni mstari wa mpaka tu uliosogezwa.

Gharama ya pili ni ya wepesi. Ili faili ifunguke haraka katika simu yenye mtandao hafifu, watengenezaji hurahisisha maumbo kwa kupunguza nukta za mpaka au tarakimu za viwianishi. Tofauti ya 0.001 ya nyuzi ni karibu mita 110 ardhini. Kiwanja cha makazi chenye upana wa mita 20 kinaweza kumezwa mara tano ndani ya kosa hilo. Mtengenezaji atasema, kwa haki, kwamba ramani yake ni ya takwimu na si ya upimaji. Lakini dirisha linalofunguka halisemi hivyo. Msomaji anayebofya karibu na mpaka hujibiwa kwa uhakika uleule anaojibiwa nao aliyebofya katikati.

Kuna pia makosa ambayo huchekesha kisha hufundisha. GeoJSON huandika longitudo kwanza kisha latitudo. Amri nyingi za Leaflet hutaka latitudo kwanza. Asiyejua tofauti hiyo akaandika viwianishi vya Dodoma kinyume ataikuta Dodoma katika bahari ya Atlantiki, magharibi ya Tangier, Morocco. Kosa la namna hiyo huonekana mara moja, na ndiyo salama yake. Kosa la mita 110 halionekani, na ndiyo hatari yake.

4.2 Jina

Msomaji asiyebofya huandika jina. Hapa ramani hukutana na lugha, na mara nyingi hushindwa.

Akiandika "Chamwino", anaweza kumaanisha kata iliyomo ndani ya Jiji la Dodoma au wilaya jirani ya Chamwino, ambako Ikulu ipo. Akiandika "Chang'ombe", ipo ya Dodoma na ipo ya Dar es Salaam. "Kikuyu" ni jina la kata mbili za Dodoma, ya Kaskazini na ya Kusini, lakini injini ya utafutaji isiyofungiwa eneo inaweza kumpeleka msomaji Kenya. "Dodoma" yenyewe ni mkoa na ni jiji. Mwenyeji hutatua utata huu kwa muktadha. Ramani isiyopewa muktadha huchagua tokeo la kwanza na kulitangaza kuwa jibu.

Ritifaa ni tatizo la pekee. Katika SQL, lugha ya maulizo ya hifadhidata, alama hiyo hufungua na kufunga maneno. Mtengenezaji aliyeunganisha jina moja kwa moja na ulizo atakuta "Chang'ombe" inakatika baada ya "Chang", na ulizo zima linaharibika. Isitoshe, simu nyingi huandika ritifaa iliyopinda, ilhali data huwa na ritifaa iliyonyooka; kwa jicho ni alama moja, kwa kompyuta ni mbili. Kata ya Ng'hong'hona ina ritifaa mbili, na jina lake huandikwa kwa tahajia zaidi ya moja. Dawa zake zinajulikana: kutuma jina kama kigezo kilichotengwa na ulizo, kusawazisha ritifaa zote kabla ya kulinganisha, na kutunza tahajia mbadala katika safu ya pekee. Hata hivyo, dawa hizi ni rahisi kusahauliwa pale mafunzo yanapoandikwa kwa lugha ambazo haziandiki sauti ng' kwa ritifaa. Sauti ya kawaida kabisa katika Kiswahili na Kigogo inageuka kuwa hitilafu ya kiufundi, na anayeonekana kukosea ni mwenye jina.

4.3 Ulizo

Maulizo ya kimahali yapo mengi, lakini yanayotumiwa zaidi katika ramani za wavuti ni matatu. La kwanza huuliza kilichopo katika nukta iliyobofywa. La pili huuliza vilivyopo ndani ya umbali fulani kutoka nukta hiyo. La tatu huuliza vilivyomo ndani ya umbo lililofungwa, kama kata au mtaa. Matokeo ya maulizo haya ni tofauti, na usahihi unaohitajika ni tofauti. Lakini katika violesura vingi vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili yote matatu hujibiwa kwa maneno yaleyale: "matokeo" yanapopatikana, na "hakuna matokeo" yasipopatikana.

Kiswahili kina nyenzo bora zaidi ambayo haijatumika. Ngeli ya mahali ina viambishi vitatu: pa- kwa mahali mahususi, ku- kwa mahali pasipo bayana au eneo la jumla, na mu- kwa mahali pa ndani. Tunasema hapa, huku na humu. Pana, kuna na mna. Hapana, hakuna na hamna. Mgawanyo huu unalingana na maulizo matatu yaliyotajwa. Kwa nukta: "Hapa pana nini?" Kwa umbali: "Huku kuna nini?" Kwa ndani ya umbo: "Humu mna nini?" Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa tofauti hii, analelewa nayo.

Faida yake si ya ufasaha tu. Inahusu ukweli wa jibu tupu. Ulizo linaporudi mikono mitupu, kuna uwezekano wa namna mbili: kitu hakipo ardhini, au kitu kipo ardhini lakini hakijaandikwa. "Hakuna matokeo" hufunika yote mawili. Msomaji wa Ihumwa anayebofya mahali palipo na kisima cha familia akajibiwa "hakuna" anaambiwa jambo zito kuliko lile ramani inalojua. Ramani haijui kwamba pale hapana kisima. Inajua tu kwamba humu, ndani ya hifadhidata, hamna kisima. Jibu la haki, basi, ni: "Hamna taarifa katika hifadhidata hii." Herufi moja ya kiambishi inaihamisha lawama kutoka ardhini kwenda kwenye kumbukumbu, na inamwachia mwenye kisima nafasi ya kusema.

Kwa mtu anayedai fidia, nafasi hiyo si jambo dogo. Kisichoandikwa ni vigumu kukithibitisha. Na ramani iliyosema "hakuna" imeshakuwa shahidi wa upande mmoja.

Kumbukumbu ya eneo letu inao mfano wa ramani iliyojengwa kwa kuanzia na wasemaji. Ushahidi, jukwaa lililoanzishwa nchini Kenya mwaka 2008 kufuatia ghasia za baada ya uchaguzi, lilikusanya taarifa zilizotumwa na wananchi, zikiwemo za ujumbe mfupi wa simu, na kuziweka katika ramani. Hata jina lake ni neno la Kiswahili lenye kubeba msimamo: ramani ni mahali pa kutoa ushahidi. Jukwaa hilo lina changamoto zake, hasa za kuhakiki taarifa, lakini kwa kipimo cha majibizano lilikuwa mbele ya ramani nyingi zilizofuata, kwa sababu msomaji aliweza kuongeza kipengele ambacho mtengenezaji hakukijua.

4.4 Chati

Chati hukamilisha ramani na wakati huohuo huificha. Mfano wa kukadiria utaonesha. Tuchukulie msomaji amechagua mitaa miwili. Mtaa wa kwanza una kaya 200, na kaya 180 zina maji ya bomba, yaani asilimia 90. Mtaa wa pili una kaya 800, na kaya 160 zina maji, yaani asilimia 20. Programu inayochukua wastani wa asilimia mbili itachora nguzo ya asilimia 55. Hesabu sahihi ni kaya 340 kati ya 1,000, yaani asilimia 34. Tofauti ya nukta 21 imetokana na mstari mmoja wa msimbo. Kosa hili hutokea kirahisi kwa sababu data mara nyingi hutunzwa kama asilimia zilizokwisha kukokotolewa, bila idadi ya kaya zilizozaa asilimia hizo.

Mhimili nao una kauli yake. Takwimu za sensa zilizotajwa hapo juu zikichorwa kwa nguzo zinazoanzia sifuri, nguzo ya 2022 itakuwa na urefu wa mara 1.86 ya ile ya 2012. Mhimili ukianzia 400,000, nguzo ya 2022 itaizidi mwenziwe zaidi ya mara 33. Takwimu hazikubadilika. Katika ramani za majibizano kuna hatari ya ziada: msomaji anapohama kutoka kata moja kwenda nyingine, kikomo cha juu cha mhimili hujirekebisha chenyewe, hivyo nguzo za kata ndogo na za kata kubwa hulingana kwa urefu katika skrini. Jicho hulinganisha nguzo. Namba za pembeni husomwa na wachache.

Jambo la mwisho ni kile kisichochorwa. Chati huonesha safu zilizomo. Hifadhidata yenye safu za idadi ya watu, vituo vya afya na barabara itachora hivyo, kata baada ya kata. Haitachora korongo ambalo Januari huzuia watoto kufika shule, kwa kuwa korongo katika data ni mstari usio na msimu. Pengo la aina hii silo lile la Iser, ambalo msomaji hualikwa kulijaza. Ni pengo lililozibwa kwa rangi, na msomaji haambiwi kuwa lilikuwepo.

5.0 Mwandishi na Ramani Yake

Si haki kuhakiki kazi za wengine pekee. Mwandishi wa makala haya aliunda ramani ya majaribio ya Ihumwa kwa kutumia Leaflet, na aliiona kuwa imekamilika: tabaka la mipaka, sanduku la kutafuta jina, dirisha lenye chati. Aliipeleka kwa mzee mmoja mkazi wa kata hiyo. Baada ya "shikamoo babu" na "marahaba", mzee aliishika simu, akasogeza picha kwa kidole hadi alipopaona anapopajua, akabofya. Dirisha likafunguka na idadi ya watu wa kata.

"Sikuuliza watu," mzee alisema. "Nimegusa mbuyu."

Ilibidi kumweleza kuwa mbuyu haumo. Aliuliza ni nani aliyeamua usiwemo. Jibu la kweli lilikuwa: mimi. Hakuna ofisi iliyokataza, wala programu iliyoshindwa. Mwandishi alipakua data iliyokuwepo, akaichukulia kuwa ndiyo Ihumwa. Mzee alirudisha simu kwa upole. "Mjukuu wangu, ramani yako inajua kuhesabu. Haijajifunza kuamkia."

Kauli hiyo imechukuliwa katika utafiti huu kama uhakiki kamili. Kuamkia ni kumtambua aliyepo kabla ya kumhoji au kumjibu. Ramani ya majaribio ilijibu kabla ya kutambua. Ilikuwa kitendawili kilichojiita majibizano, na aliyetakiwa kutoa mji alikuwa mwenye mji.

Kutokana na uzoefu huo ramani ilirekebishwa kwa namna nne. Maulizo yaligawanywa kwa pa-, ku- na mu-. Jibu tupu liliandikwa upya kuwa "Hamna taarifa humu", likifuatwa na kitufe cha "Unajua kilichopo? Tuambie". Kila chati iliwekewa mwaka wa data, chanzo chake na idadi iliyozaa asilimia. Mwisho, karibu na mpaka uliorahisishwa, dirisha lilianza kusema kuwa jibu ni la kukadiria na halifai kwa shauri la ardhi. Marekebisho haya yana udhaifu wao. Taarifa za wakazi zinahitaji uhakiki, na kuonesha hadharani kisima au kaburi la familia kunaweza kumdhuru mwenyewe badala ya kumsaidia, hasa pale ardhi inapogombewa. Kwa sababu hiyo taarifa zilizopokewa hazikuwekwa wazi. Mwenye taarifa ndiye aliyeamua ioneshwe au isioneshwe, nao mbuyu umeoneshwa kwa ridhaa ya mzee.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba ramani ya majibizano ya mtandaoni ni matini yenye mwandishi, na kwamba uandishi wake umo katika mahali ambapo wahakiki wa fasihi hawajazoea kutazama: katika tarakimu za viwianishi, katika ritifaa, katika mwanzo wa mhimili, na katika neno moja linalotokea ulizo linaporudi tupu. Yameonesha pia kuwa Kiswahili hakingojei istilahi peke yake ili kiingie katika uwanja huu. Sarufi yake tayari ina nadharia ya mahali, na watengenezaji wanaweza kuitumia leo bila gharama yoyote ya programu.

Inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili na za sayansi ya kompyuta zishirikiane kuandaa mwongozo wa violesura vya ramani kwa Kiswahili, ukizingatia ngeli ya mahali na uandishi wa majina ya mahali kutoka lugha za jamii. Inapendekezwa pia kwamba ripoti yoyote inayotumia chati zilizozalishwa na ramani ieleze mpaka uliotumika na mwaka wake. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna wasomaji wasio na mazoea ya ramani wanavyotafsiri rangi na nguzo.

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Makala haya yanaongeza kuwa kujibu, nako, si ujuzi daima. Katika Ihumwa, ambako kwa nusu karne ramani zimetangulia watu, ramani inayokiri kisichomo ndani yake ina manufaa zaidi kwa mkazi kuliko ile inayojibu kila kitu.